Ua Nililolipiga Tupa

Mtoto wa Jenifa alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nimeinama kwenye beseni la nguo. Akaniambia mama yake amefariki, watamzika Jumamosi, na kabla sijapata hata pumzi ya kulia akaongeza kwamba familia imekaa na imeamua mimi ndiye nitaongea kwa niaba ya marafiki. "Dakika tano tu, mama. Useme vile mlianza maisha na yeye pale Malaba. Watu wanapenda hizo stori." Nikamwambia sawa, Dani, pole sana. Nikakata simu, nikakalia ndoo iliyopinduliwa, na badala ya kulia nikaanza kuhesabu miaka. Maana mwaka ule tulioanza maisha Malaba ndio mwaka ambao mimi nilisaidia kumpeleka jela babu yake huyo huyo Dani, baba mzazi wa Jenifa, na Jenifa amekufa akiniita dada. Dakika tano! Nimekaa na jambo hili tangu nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na moja mpaka sasa magoti yananiuma nikisimama, halafu mtu ananipimia dakika tano. Habari za kwetu Namboboto na za wazazi wangu naziruka, hazina kazi hapa. Naanzia kwenye kile chumba.

Tulipanga chumba kimoja mimi na Jenifa, nyuma ya kinu cha kusaga posho, karibu na pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Kinu kilianza kunguruma saa moja asubuhi na unga ulikuwa unaingia kila mahali, kwenye nywele, kwenye blanketi, kwenye chai. Jenifa alikuwa anauzia madereva chai na mandazi, na jioni alitupikia ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, pamoja na omena, dagaa wa ziwani, aliyekaangwa na kitunguu kingi. Sijawahi kula tena chakula kitamu vile, na nimekula kwenye hoteli. Ukuta ulikuwa wa mbao, tukisikia kila neno la jirani, na mwaka ule majirani walikuwa na hadithi moja tu: bunduki. Ng'ambo kulikuwa na vita, silaha zinavuka na magunia ya kahawa, duka fulani limevunjwa, mwenye duka amepigwa na kitako cha bunduki mpaka meno yametoka. "Na polisi wanafanya nini?" sauti ya mwanamke inauliza. "Wanakunywa chai," ya mwanamume inajibu. Tulikuwa tunacheka. Tulikuwa wajinga sana, na nikikumbuka kicheko kile nataka kujizaba kofi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika sufuria. Nilikaa sokoni na nyundo ndogo, misumari mitatu niliyoichonga ncha, na tupa ya kusugulia chuma. Huku kwetu hakuna matanga bila kuazimana vyombo. Mtu akifiwa, sufuria za boma ishirini zinakusanywa kwake, na siku ya kurudisha, kama sufuria yako haina jina ubavuni, umeiaga. Kwa hiyo mama ananunua sufuria, kabla haijaona moto anakuja kwangu nimpigie jina kwa vitone, NEKESA, AMOIT, chochote anachotaka. Na kama ameinunua kwa mtu mwingine, kuna sheria: jina la kwanza linapigwa tupa mpaka pang'ae, ndipo la pili liandikwe. Ukiliacha la kwanza, siku ya matanga wanawake wawili watang'ang'ania sufuria moja mbele ya maiti, na lawama zote zitakuja kwa aliyeandika. Nilikuwa nimeshaona kina mama wakipigana mieleka juu ya jambo hilo. Kufuta jina la zamani kulikuwa kitu cha kwanza ambacho mkono wangu ulifanya, hata bila kuniuliza.

Siku moja Jenifa akaniambia baba yake ananiita kwa kazi, nibebe vyombo vyangu vyote. Mzee Omuse alikaa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Malaba, mzee mmoja mrefu, mkavu, mguu wa kushoto umelemaa kidogo, mtu asiye na maneno mengi. Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa, na mezani mbele yake, kati ya kikombe cha chai na sahani ya njugu, kulikuwa na bunduki. Nikasimama mlangoni. Akasema, "Ingia, msichana. Hii haiumi. Hii imezeeka kuliko mimi." Akanieleza kwamba mwenzake Barasa wa Nambale amekufa. Walipigana pamoja Burma dhidi ya Mjapani, walirudi pamoja, na waliapizana kwamba atakayetangulia atalazwa siku moja na bunduki ile kifuani kabla ya kuzikwa. Sasa watoto wa Barasa wanakuja kuichukua na mguu wake haumruhusu kusafiri nayo. "Na hao watoto nawajua," akasema. "Waliazima jembe yangu, nikaona ikiuzwa soko. Niandikie jina hapa juu, kubwa, kama ya sufuria. Ndio irudi."

Hapo mtu mwenye akili angesema: mzee, wewe una bunduki bila kibali, na unataka kuiandika jina lako? Sikusema. Haikunipitia hata kichwani. Kitu kinachokwenda kwenye matanga kinaandikwa jina, basi, na yeye pia aliwaza hivyo hivyo. Akainyanyua ile bunduki akaanza kunionyesha sehemu zake, na ndiyo siku niliyomsikia akiongea maneno mengi. Kitako chake kilikuwa cha vipande viwili vya mbao, kimoja juu na kimoja chini, mstari umepita wazi, nikadhani kilivunjika kikaungwa. "Hapana. Mjapani alikuwa anatengeneza hivyo. Hata bila kujua kitu kingine, ukiona hiyo mstari, unajua ni yake." Juu ya komeo kulikuwa na kifuniko cha bati kinachoteleza mbele na nyuma, cha kuzuia matope, akakisukuma kikalia kra kra. "Wengi wao walitupa hii. Msituni inaita kifo." Nyuma ya komeo palikuwa na kifundo cha duara, unakisukuma kwa kiganja na kukizungusha ili bunduki isilie. Pale pa kulengea palikuwa na mbawa mbili ndogo za chuma, zinafunguka kushoto na kulia. "Za kupigia ndege," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Ndege! Na bunduki ya mkono!" Ubavuni kushoto kulikuwa na namba, na alama ndogo ndani ya duara imetangulia. Akasema nimalize njugu, kitu kikubwa amekiweka mwisho. Mara watoto wa Barasa wakabisha hodi nje, wawili, tayari wananuka pombe, wakaanza kuongea juu ya nauli. Mzee akainuka kwenda kuwatuliza. Akaniambia, "Anza tu. Hapa juu."

Hapa juu, pale mtutu unapoanzia, palikuwa na ua. Ua la duara, majani yake membamba yamejipanga kuzunguka kitovu, nikayahesabu kwa ncha ya msumari, kumi na sita. Chini yake maandishi matatu ya kigeni yamesimama moja juu ya jingine. Lilikuwa limechorwa vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora mimi, na nakumbuka niliona wivu kidogo, wivu wa fundi. Nikafikiri, huyu ndiye mwenyewe wa kwanza, hii ndiyo alama yake. Nikachukua tupa. Chuma kilikuwa kigumu, si aluminiamu ile niliyoizoea, jasho likanitoka, nikabadilisha mkono mara tatu, huku nje wanabishana nauli ya Nambale. Nilisugua ua, nikasugua maandishi yote matatu, nikapuliza vumbi, nikamalizia na msasa mpaka pakawa peupe. Nilijivunia! Sina neno jingine la kusema, nilijivunia kazi yangu.

Mzee akarudi, akainama, akatazama. Akapitisha kidole gumba pale mahali. "Ua liko wapi?" Nikamwambia nimelifuta, ndio jina lake likae vizuri. Hakupiga kelele. Alikaa kitini, akashika mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akanieleza kwa sauti ya chini sana. Lile lilikuwa ua la mfalme wa Wajapani. Bunduki zao zote zilikuwa nalo. Vita vilipoisha, wakisalimisha silaha, waliruhusiwa kulikwangua kwanza ili mfalme wao asiaibike, na ndiyo maana askari waliopewa bunduki za kurudi nazo nyumbani kama ukumbusho walipewa zilizokwanguliwa. Hii yake ilikuwa na ua zima kwa sababu aliichukua mwenyewe kwa mkono, siku ambayo Barasa alimbeba mgongoni kutoka mtoni na risasi mguuni. "Hiyo ua ndiyo ilikuwa karatasi yangu," akasema. Nililia. Akanimiminia chai. Akasema, "Basi. Imeisha. Andika, hawa watu wanangoja." Nikaandika, OMUSE, kwa vitone, herufi nzuri sana.

Matanga ya Nambale sikwenda, lakini niliyasikia kwa watu wengi mno. Wale wapumbavu hawakuilaza kifuani kwa baba yao saa moja ikaisha. Waliizungusha, wakacheza nayo, wakaielekezea shemeji zao kwa mzaha, wakapiga nayo picha huku wamelewa chakari. Mtu akaenda akasema. Polisi walipofika waliikuta imeegemea jikoni kati ya masufuria, na watoto wa Barasa wakaapa mbele ya maiti ya baba yao kwamba hawajawahi kuiona. Mmoja alisema alidhani ni fimbo. Fimbo! Aliyasema maneno hayo mtu mzima mwenye ndevu. Jina lilikuwa juu, linasomeka hata na mtoto wa chekechea, na kesho yake Mzee Omuse akachukuliwa kitini pake kabla hajamaliza uji.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo hapo mwanzo. Jenifa aliambiwa na karani mmoja mwenye huruma kwamba ikithibitika ni bunduki ya vita vya zamani, isiyo na risasi popote katika nchi hii, mzee atakemewa, atatozwa faini na kurudishwa nyumbani. Lakini kulikuwa na ofisa mmoja ambaye lile duka lililovunjwa lilikuwa limemkaa shingoni. Wakubwa wake walitaka bunduki, na sasa alikuwa nayo, tena imekwanguliwa alama. Nani anakwangua alama za bunduki? Jambazi. Mzee akasema kulikuwa na ua na maandishi ya Kijapani pale, na aliyeyafuta ni msichana anayeandika sufuria, aulizwe tu ataeleza. Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, yule karani aliniambia baadaye. Alijua nitaeleza.

Ofisa alikuja chumbani kwetu saa saba mchana. Jenifa, kwa ajili ya baba yake, akampakulia chakula chetu chote. Mwanamume yule alikula! Alivunja ugali kwa mikono mikubwa safi, akatafuna omena na vichwa vyake, akasifu mpishi, akaomba mchuzi zaidi, akamtuma Jenifa soda. Jenifa alipotoka akapangusa vidole kwenye kitambaa chetu cha meza, kimoja kimoja, akaniuliza, "Dada, unajua kufuta alama ya bunduki ni kesi gani? Huyo mzee anasema ni wewe. Akisema kweli, mnaenda pamoja. Lakini mimi naona wewe ni msichana wa kazi tu. Uliandika jina, ukalipwa, ukaenda. Hapo juu palikuwa na kitu?" Kinu kilikuwa kinanguruma. Nikaangalia midomo yake inavyong'aa mafuta. Nikasema, "Hapana, boss. Hapakuwa na kitu." Akasema vizuri. Jenifa akarudi na soda, akamfungulia yeye mwenyewe, na akaniuliza kwa macho kama mambo yameenda sawa. Nikamwitikia kwa kichwa.

Mahakamani nilirudia maneno yale yale. Mzee alijaribu kuwaonyesha zile mbawa za kupigia ndege, ofisa akasema bunduki nyingi zina mapambo. Akaonyesha mstari wa kitako, wakasema imevunjika ikaungwa. Namba ikasemwa ni namba tu. Hakimu alikuwa anatazama saa ya ukutani. Kisha wakaniita mimi, wakaniuliza, na nikasema pale juu palikuwa peupe, nilikuta hivyo hivyo. Nilisema kwa sauti ya kusikika, hata sikukwama. Mzee Omuse alinitazama, na wala hakukasirika. Alionekana ameshangaa, basi, halafu akatazama mikono yake. Akapewa miaka mitano. Nje Jenifa, aliyekosa nafasi mle ndani, alinikumbatia akilia, akaniambia asante kwa kujaribu, akadhani nimeulizwa tu habari za jina. Ptuu! Nilimwacha anikumbatie.

Watu ni wachafu, na mimi nikiwa mmoja wao nina haki ya kusema. Majirani waliokuwa wakinywa pombe ya mrija kwenye boma la mzee kila Jumapili walianza kusema walijua siku nyingi, walikuwa wanasikia vyuma vikilia. Ndugu wa kijana wa Busibwabo aliyekuwa amuoe Jenifa walikuja watatu, wamevaa suti, wakanywa chai, wakala kuku aliyechinjwa kwa heshima yao, ndipo wakasema hawawezi kuoa kwa jambazi. Walimaliza kuku kwanza. Duka likavunjwa tena mwezi uliofuata, mzee akiwa ndani, na hakuna aliyeuliza swali. Mimi nilihama kile chumba kabla ya mwaka kuisha, nikahamishia kazi yangu Busia, nikasema ni kwa sababu ya unga, unanikohoza.

Mzee alirudi kabla ya muda wake kuisha, kifua kimeharibika, na hakumaliza masika moja. Nilikwenda kumwona mara moja tu. Aliniuliza habari za kazi. Nikasema nzuri. Akaniuliza kama bado ninatumia misumari au nimenunua patasi. Nikasema patasi. Akasema vizuri, na hapo nikaaga mbio nikisingizia gari. Jenifa aliolewa baadaye na mtu mwingine, mtu mwema, na kila Krismasi nilikwenda kwake, tukapika wote, tukala katika sahani moja, na kila Krismasi nilikwenda na maneno yangu tayari mdomoni na kurudi nayo. Watoto wake walikua wakisikia babu yao alifungwa kwa wizi wa kutumia bunduki. Dani alitaniwa hivyo shuleni. Nilikuwepo siku aliporudi na shati limechanika kwa kupigania jambo hilo, na mimi ndiye niliyelishona.

Basi Jumamosi nikapewa maikrofoni. Jeneza lilikuwa mbele yangu chini ya hema, lenye dirisha la kioo, na niliona paji la uso wa Jenifa. Nikasema yote. Nilisema habari za ua, majani kumi na sita, maandishi matatu, mstari wa kitako, kila alama iliyoonyesha bunduki ile ilikuwa ya vita vya zamani, na kwamba Mzee Omuse hakuwa mwizi, mwongo nilikuwa mimi. Nilipofika pale nilipodhani ua ni jina la mwenye kitu wa kwanza, watu wakacheka. Walicheka kweli, wengine wakapiga makofi, kijana mmoja alikuwa ananichukua video. Walidhani ni stori. Na nilipofika mahakamani, emsii aliyeongoza shughuli akanikaribia, akashika maikrofoni juu ya mkono wangu. "Asante sana mama yetu. Hayo ni ya zamani, Mungu ameshasamehe. Naona mheshimiwa amefika, tumpokee kwa makofi." Wakasimama wote. Nikaenda kukaa.

Baada ya kuzika nilipanga foleni ya chakula kama kila mtu. Nilipewa wali na vipande viwili vya nyama, nikatafuta kiti pembeni, na Dani akaja na sahani yake akakaa karibu nami. Alikula kidogo kwanza.

"Mama alikuwa anajua," akasema.

"Kujua nini?"

"Hiyo ya ua. Babu alimwambia alipotoka jela. Akamwambia asikuulize, utasema mwenyewe ukikomaa." Akatafuta kipande cha nyama ndani ya wali. "Kila Krismasi ukishaenda, tukiosha vyombo, alikuwa anasema, leo pia hajasema."

Kule kaburini vijana walikuwa wanamalizia kusawazisha udongo kwa mgongo wa jembe. Nilitaka kumwomba Dani msamaha, na kinywa changu kilikuwa kimejaa wali. Nikaendelea kutafuna.